Kidingapopo: hivi kweli dunia nzima iliazima "dengue" kwetu?

#1 Mpekuzi wa Kale
Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu wa darasa la sita kanitoa jasho. Kauliza kwa nini homa ya dengue inaitwa dengue. Nikamwambia nenda kalale. Akalala, mimi nikabaki na simu mpaka saa nane usiku.

Nilichokikuta ni hiki. Zanzibar ya miaka ile ya 1870 kulikuwa na daktari wa Kizungu aitwaye James Christie, daktari wa Sultani. Julai 1870 mjini Unguja ikazuka homa ya ghafla. Viungo vinauma, ngozi inatoka vipele, mtu hanyanyuki kitandani, lakini wengi wanapona. Wenyeji wakaiita "kidinga pepo". Christie akaandika habari zake kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872. Kilichomshangaza ni kwamba wazee hawakushtuka. Walimwambia hii ilishapita hapa zamani, mnamo 1823. Mwaka 1881 akaja na jambo kubwa zaidi: kwamba lile neno "dengue" walilolitumia Wahispania wa Cuba tangu 1828 ni "kidinga" chetu kilichovuka bahari.

Kwa hiyo madai yangu ni haya: sisi ndio tulioibatiza dengue. Na chikungunya, ile homa nyingine ya viungo, nayo ni Kiswahili. Pingeni kwa hoja.

#2 Ndinga Kali
Mimi miaka yote najua ni homa ya dengu. 2014 ilipolipuka Dar niliacha kabisa kula dengu, mke akanuna wiki nzima akidhani nasusa mapishi yake.

#3 Mti Mkavu
Chai hii. Siku hizi kila neno ni la Kiswahili. Kesho mtatuambia Panadol ni Kizaramo.

#4 Mtu wa Newala
Mleta uzi, dengue sina ugomvi nayo, ila kwenye chikungunya umechapia. Ni Kimakonde. Ugonjwa huo ulijulikana kwetu, uwanda wa juu wa Makonde, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953, enzi za Tanganyika ya Mwingereza. Madaktari Robinson na Lumsden waliuandika mwaka 1955, na jina wakalichukua midomoni mwa wagonjwa.

Kitenzi ni kukungunyala. Vitabu vingi vinakitafsiri "kupinda", basi. Lakini kupinda hata bomba la maji linapinda. Chukua jani bichi la muhogo uliweke juani asubuhi. Jioni utalikuta limekauka na kingo zimejikunja kwa ndani kama kiganja kinachofumba. Hilo ndilo limekungunyala. Sasa mfikirie mtu mzima anayejaribu kushuka kitandani akiwa hivyo.

#5 Mpekuzi wa Kale
Mtu wa Newala nimekupata, nimesahihishwa. Kimakonde. Lakini bado nyumbani ni palepale, kusini mwetu.

#6 Mtu wa Newala
Kusini mnaikumbuka kwenye korosho na magonjwa tu.

#7 Kamusi Mbovu
Wadau, kabla hamjasafirisha neno mpaka Cuba, tukubaliane neno lenyewe ni lipi. Mleta uzi ameandika "kidinga pepo". Kamusi zetu zina "kidingapopo", neno moja, na popo ndani yake. Pepo na popo ni ndugu kwa herufi tu.

Wazungu wanaoandika asili ya dengue husema maana yake ni "mkakamao wa ghafla uletwao na pepo mbaya". Hiyo tafsiri inarudiwa kila mahali, kila mmoja akimnakili aliyemtangulia. Niulizeni mimi Mswahili, "kudinga" ni kufanya nini? Tafuteni kwenye sentensi ya kawaida mniletee.

#8 Ndinga Kali
Kudinga ni kuendesha dinga. Ulizeni vijana wa Nairobi, dinga ni gari. Kidinga ni kigari kidogo. Kidinga popo ni kibajaji cha usiku. Nimemaliza.

#9 Kamusi Mbovu
#8 🤣 Afadhali yako, una ushahidi wa matumizi.

#10 Bint Makunduchi
Assalaam alaykum. Kwetu neno kidingapopo lipo, nimelisikia tangu mdogo. Ila kama ni popo mnyama au pepo, sijapata kujiuliza. Nna bibi yangu shamba, akili zake timamu kuliko zetu. Ijumaa nakwenda, ntamuuliza.

Na nyinyi mnaosema pepo mbaya, mmesahau kuwa pepo pia ni wingi wa upepo? Pepo za kusi, pepo za kaskazi. Huenda mtu alikusudia homa iliyoletwa na pepo, yaani hewa. Daktari wa Kizungu akasikia shetani kwa sababu ndilo alilokuwa akilitarajia.

#11 Mpekuzi wa Kale
Bint Makunduchi umetisha. Hata malaria ni Kitaliano cha "hewa mbaya". Kwa hiyo Mtaliano akilaumu hewa ni sayansi ya zamani, Mswahili akilaumu hewa ni mashetani.

#12 Mti Mkavu
Nimerudi, na safari hii nimekuja na nondo.

Kwanza, "dengue" ni neno la Kihispania lenye maana yake: madaha, kujitia, kuringa. Pili, kuna barua ya Malkia María Luisa wa Hispania ya mwaka 1801 inayotaja ugonjwa kwa jina hilo hilo, dengue. 1801! Christie na wazee wake wanaanzia 1823. Tatu, huko Puerto Rico kuna jina la 1771, quebranta huesos, yaani kivunja mifupa. Sasa nielezeni, neno limewezaje kufika Hispania miaka 22 kabla ya homa kufika Unguja? Lilipanda dinga?

#13 Ndinga Kali
Nimetajwa, nashukuru.

#14 Mpekuzi wa Kale
Mti Mkavu, hiyo ya 1801 imeniuma, sifichi. Lakini kuwepo kwa neno si kuwepo kwa ugonjwa. Malkia angeweza kuita dengue mafua yoyote yaliyoenea msimu ule. Mwaka 1827 homa ya viungo inaanzia kisiwa cha St Thomas, inaenea Karibi nzima. Waingereza wa kule wanaiita "dandy", mtanashati. Cuba inaitwa dengue. Christie anasema watumwa ndio waliokuja na jina "dinga", kila mkoloni akalisikia kwa sikio lake, mmoja akapata dandy, mwingine dengue.

#15 Mti Mkavu
Watumwa wa Zanzibar Cuba? Mwaka 1822 Sultani Said alitia saini mkataba na Moresby, nahodha wa Kiingereza, ukakataza raia wake kuwauzia Wakristo watumwa.

#16 Mpekuzi wa Kale
Na wewe unaamini baada ya saini hiyo majahazi yote yaligeuza tanga? Halafu Msumbiji ilikuwa ya Mreno, mkataba ule haukumhusu. Watu wa pwani ile walipelekwa Brazil na Cuba miaka mingi baada ya hapo.

#17 Maabara Usiku
Niko zamu, mashine inazunguka, ngoja niingie kidogo.

Swali la safari ya baharini nimelipenda. Mtu akiambukizwa anaugua baada ya siku chache na wiki ikipita kirusi kimetoweka kwenye damu. Safari ya miezi kutoka Msumbiji hadi Karibi ingemaliza ugonjwa kabla ya nchi kavu kuonekana. Isipokuwa mbu wako ndani ya meli. Huyu mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, Aedes aegypti, asili yake ni Afrika, na hataki dimbwi la matope. Anataka chombo: pipa, mtungi, kifuu cha nazi. Meli ya watumwa ilibeba mapipa mengi ya maji ya kunywa na watu waliobanwa kando yake. Mmoja anaugua, mbu anambeba, wa pili anaugua, mpaka nanga inashuka. Na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, ukimwaga maji tu yanaanguliwa.

Lakini nyote mnapigania mgonjwa asiye wenu. Nikitoka zamu nitaeleza.

#18 Ndinga Kali
Huyu katuacha kwenye mataa.

#19 Sista Mstaafu
Hamjambo wanangu. Mimi si wa historia, nimefanya unesi miaka 31, nimestaafu.

Mwaka 2014 tulikuwa tunapokea watu wameshameza dozi ya pili au ya tatu ya malaria. Kipimo cha malaria hakioni kitu, homa ipo palepale, mtu anashika paji la uso anasema macho yanauma kwa nyuma. Zamani tungemwandikia taifodi akaenda zake.

Nilichotaka kusema ni juu ya hayo "madaha" ya Mti Mkavu. Kulikuwa na ngazi sita kutoka mapokezi. Nilikuwa nawatambua kabla hawajafungua mdomo. Mguu wa kulia unashuka, unasubiri, wa kushoto unaungana nao kwenye ngazi ileile, ndipo safari inaendelea. Shingo imenyooka, haigeuki. Mikono imeachana na mwili kidogo kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Anayemwona kwa mbali atasema huyu anaringa. Kijana mmoja dereva wa bodaboda wenzake walimcheka getini wakamwita bwana harusi.

Kwa hiyo Mhispania akisema dengue na Mwingereza akisema mtanashati, mimi sioni kama walihitaji kufundishwa neno na mtu. Walitazama ngazi.

Na mnaosoma: homa kama hiyo usinywe asprini wala ibuprofeni mpaka upimwe. Damu inaweza kuvuja.

#20 Kamusi Mbovu
Shikamoo Sista. Bandiko lako limenipa wazo ambalo nalitoa kama wazo tu, msije mkalipeleka kwenye vitabu. Kuringa. Sauti za r na d hubadilishana katika lugha nyingi za huku. Kama mahali fulani palikuwa na "kudinga" yenye maana ya kuringa, basi kidinga ni mwendo wa madaha, sawasawa na Kihispania na Kiingereza. Lugha tatu, mwendo mmoja, bila kuazimana.

#21 Mti Mkavu
"Kama mahali fulani palikuwa na." Ndiyo mnavyojenga, tofali la kwanza hewani.

#22 Kamusi Mbovu
Nimesema ni wazo, unataka nipige magoti?

#23 Lamu Kongwe
Ndugu zangu wa bara, nawasoma tangu jana. Mwazungumza ya 1870 kama kwamba yaliisha. Chikungunya ilitupiga Lamu mwaka 2004, mji mzima. Baadaye watafiti walikuja kupima damu wakakuta karibu robo tatu ya watu walikuwa wameambukizwa. Wallahi ukipita mitaani Alfajiri wasikia watu walia wakitia udhu, kuinama ni kazi, kufungua bomba kwa vidole ni kazi. Imamu aliswalisha ameketi.

Na haikuwa mvua. Ulikuwa ukame. Maji yalipopungua kila mtu alijaza kila chombo: mtungi, dumu, sufuria ya harusi. Ndani ya nyumba tuliwafugia wao.

#24 Mtu wa Newala
Lamu Kongwe, umenisimulia Newala. Juu kule kwetu hakuna mto. Maji yalichotwa mabondeni. Marehemu bibi alikuwa anaondoka na jogoo la kwanza, anarudi jua liko utosini. Maji ya namna hiyo hayamwagwi hata kama yana funza wanaocheza. Unayachuja kwa kanga, ile ndoo inakaa ndani pembeni ya kitanda. Halafu anakuja bwana afya anasema mwageni maji. Umwage?

#25 Lamu Kongwe
Afadhali umwage damu.

#26 Kaka Moroni
Salaam. Kutoka Lamu na Mombasa ilikuja kwetu Ngazidja, Komoro, mwaka 2005, halafu Réunion. Réunion waliugua watu zaidi ya 250,000, theluthi ya kisiwa. Hapo ndipo Ulaya ilijua jina. Kirusi kilibadilika kidogo kikampenda mbu wa milia, yule ndugu wa Aedes wenu, na huyo anaishi hata penye baridi. Mwaka 2007 kilifika Italia. Mama yangu mkubwa hadi leo asubuhi hafungi kifungo cha nguo bila msaada.

#27 Mbebaboksi
Niko Texas. Mwaka 2015 nilienda hospitali na homa baada ya kutoka nyumbani, daktari kijana akaniuliza kama nimewahi kupata "chiki-gani-ya". Nikamwambia tamka tena. Akatamka vingine. Nikamfundisha silabi moja moja, tukafika "nya" akashindwa. Mwisho akaandika herufi tatu tu. Nilijisikia kama balozi wa Newala.

#28 Mtu wa Newala
Balozi, mshahara tutakutumia korosho.

#29 Ndinga Kali
Na Zika je? Hii hamniambii si Kiswahili. Daktari anakuangalia usoni anakwambia: zika.

#30 Sebo wa Entebbe
Ndinga Kali, samahani ssebo, hiyo ni yetu. Zika ni msitu kando ya ziwa, karibu na Entebbe, ni Kiganda. Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano walimweka tumbili kizimbani juu ya mti, ni tumbili namba 766, akapata homa, wakakuta kirusi kipya. Kirusi cha West Nile pia ni chetu, 1937, mkoa wa kaskazini magharibi. Na o'nyong'nyong ya 1959 ni Kiacholi, nayo inavunja viungo kama chikungunya, ila inabebwa na mbu wa malaria. Uganda tuna tatu, nyinyi mnagombea moja na nusu.

#31 Mwana Lubumbashi
Jambo yenu wote. Sisi Congo tuko na Ebola, ile ni jina ya mto. Kijiji chenye kugonjwa 1976 ilikuwa Yambuku, lakini watafiti walikataa kutia jina ya kijiji juu watu wake wasitengwe. Lakini angalieni ugonjwa ya Marburg. Ni mji ya Ujerumani, na wale tumbili wenye kuleta ugonjwa kwa maabara yake walitoka Uganda. Mara moja tu jina ilibaki kwa wenye maabara.

#32 Sebo wa Entebbe
Hiyo Marburg sikuihesabu. Tufanye tatu na nusu.

#33 Maabara Usiku
Nimelala, nimeamka, nimekunywa chai. Tuendelee.

Mpaka 1943 hakuna mtu duniani aliyekuwa amekishika kirusi cha dengue. Walikipata Wajapani wawili, Kimura na Hotta, Nagasaki. Cha chikungunya kilipatikana kwenye damu za Newala mwaka 1953. Kabla ya hapo "dengue" lilikuwa jina la mfuko mzima: homa ya ghafla, vipele, viungo, watu wengi kwa mpigo, vifo vichache. Chochote kilichoingia humo kiliitwa dengue. Hata Robinson na Lumsden walipofika Newala, walichokiona kwanza kilifanana na dengue.

Mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alirudi kwenye maandishi ya zamani akauliza swali rahisi: maumivu yalikaa muda gani? Dengue inakuvunja wiki moja, unabaki mchovu, lakini viungo vinakuachia. Chikungunya viungo vinavimba, vidole, vifundo vya mikono na miguu, na vinaweza kukusumbua miezi, kama mama mkubwa wa Kaka Moroni. Akasoma maelezo ya Zanzibar na India ya miaka ile ya 1870, akakuta watu wanachechemea muda mrefu baada ya homa kwisha. Akasema huenda ile haikuwa dengue. Ilikuwa chikungunya. Karibi ya 1827 hali kadhalika. Halstead, bingwa wa dengue, akaja kuandika hivyo hivyo mwaka 2015.

Sasa oneni. Kama Carey yuko sahihi, kidinga pepo ni chikungunya. Jina lilikuwa lake. Likaibwa likapewa ugonjwa mwingine, na mwenye jina akakaa bila jina miaka themanini na kitu mpaka Wamakonde walipompa jipya.

#34 Mpekuzi wa Kale
Daah. Kwa hiyo binti yangu nimjibu nini?

#35 Mtu wa Newala
Mjibu kwamba Wamakonde walimaliza kazi Waunguja walipoishia.

#36 Mti Mkavu
Maabara Usiku, heshima kwako, lakini na hii ni hoja ya kwenye karatasi. Hakuna tone la damu la 1870 lililohifadhiwa. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa kwenye nyumba moja, mmoja dengue, mwingine chikungunya, mbu ni yuleyule. Mombasa ilipata dengue 2013, na chikungunya mwaka 2017 kuingia 2018. Nani aliyesema Unguja ya 1870 ilikuwa na kirusi kimoja?

#37 Maabara Usiku
Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nikaandika "kama".

#38 Sista Mstaafu
Mti Mkavu ana neno. Wapo niliowaona 2014 waliopona homa lakini walirudi baada ya miezi mitatu na vidole kama ndizi. Tuliwaandikia dengue kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatangazwa redioni, na kipimo cha hiyo nyingine hatukuwa nacho. Sijui ni wangapi niliowapa jina lisilo lao.

#39 Ndinga Kali
Sista, majani ya mpapai je? Mama mkwe alinichemshia nusu ndoo. Uchungu ule ulinitibu hata madeni.

#40 Sista Mstaafu
Mwanangu, kunywa maji mengi, lala, pima chembe sahani za damu ukiambiwa. Mpapai mwachie mama mkwe ale matunda.

#41 Kamusi Mbovu
Tunasahau moja. Kuna wasomi wanaosema safari ilikuwa ya kinyume: Kihispania ndicho kilichotoa "dengue", mabaharia wakalileta pwani, nasi tukaliswahilisha likawa "dinga". Hapo Christie atakuwa amemkuta mtoto akadhani ni baba.

#42 Mpekuzi wa Kale
Wahispania gani Unguja kabla ya 1823? Mreno ningekuelewa.

#43 Kamusi Mbovu
Mimi nimeleta tu, sijaitetea.

#44 Bint Makunduchi
Nimerudi shamba. Nimemkuta bibi anachambua mchele. Nikamwambia bibi, kidingapopo ni nini? Akacheka, akanambia nani kakuuguza.

Anasema ni homa ya mifupa. Nikauliza popo imeingiaje. Akaweka ungo chini, akanionesha: akakunja viwiko, vidole vikakunjwa ndani, shingo ikaingia mabegani. "Umemwona popo akitua? Ndo hivyo." Nikamwambia wengine wasema ni pepo. Akasema na hao hawakukosea, maana ukiumwa hivyo watu hukupeleka kwa mganga kwanza.

Kisha nikamuuliza lile la Maabara Usiku, maumivu hukaa muda gani? Akasema iko ya wiki na iko ya kula Ramadhani mpaka Ramadhani. Nikamwambia basi ni maradhi mawili. Akanitazama. "Jina moja."

#45 Mtu wa Newala
Vidole vimekunjwa ndani! Hilo ni jani langu la muhogo. Bibi amesema chikungunya kwa mikono.

#46 Kamusi Mbovu
Au bibi anafafanua neno kwa kuliangalia lilivyo sasa. Likiitwa kidingapopo lazima utafute popo. Kama lilianza kama pepo, asingeweza kujua.

#47 Mti Mkavu
Na bibi mmoja si utafiti.

#48 Maabara Usiku
Ile habari ya 1823 Christie aliipata wapi? Kwa wazee.

#49 Mti Mkavu
Ndiyo maana namtilia shaka Christie.

#50 Ndinga Kali
Bint Makunduchi, muulize bibi kama kuna dawa ya viwiko. Nauliza kwa niaba ya imamu wa Lamu.

#51 Bint Makunduchi
Keshalala. Na kanambia nisimuulize tena maradhi usiku.